Mfupa Nao Huujua Mzigo

Wapo watu wengi waudhanio mfupa kuwa ni kitu kilichokufa: kigumu, kikavu, cheupe, kilichowekwa mwilini kama boriti iwekwavyo darini, kikae pale na kubeba mpaka siku ya kuvunjika. Dhana hii haishangazi, kwani mifupa tuionayo mara nyingi ni ile ya buchani, nayo kwa hakika imekufa. Lakini mfupa ulio ndani ya mwili wa mtu aliye hai ni kitu kingine kabisa. Hupata damu, hubomolewa na kujengwa upya daima, hunenepa mahali penye kazi na kukonda mahali pasipo na kazi. Nao, ukikandamizwa au ukipindwa, hutoa umeme.

Jambo hili la umeme ndilo tupendalo kuwaeleza wasomaji wetu leo, hasa wale wapatao riziki yao kwa nguvu za mgongo na mabega. Tumelichagua kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo kila mchukuzi wa bandarini na kila mbeba matofali ana haki ya kuliuliza: je, mzigo huu waniimarisha au wanimaliza? Elimu ya sayansi imelijibu swali hilo kwa sehemu kubwa, ila njia iliyopita mpaka kulifikia jibu ilikuwa ndefu, na katikati yake wataalamu walipotea kidogo. Twaona ni vema msomaji aijue njia yote, pamoja na kule kupotea.

Tuanze na mawe, maana umeme wa namna hii ulijulikana kwanza katika mawe. Katika mwaka wa 1880, mjini Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walikata vipande vya kwatsi na vya fuwele nyinginezo, wakavikandamiza na kuvipima. Pierre alikuwa kijana wa miaka 21. Ndiye aliyekuja kuwa mume wa Marie Curie, na jina lao likavuma duniani kwa sababu ya radi. Ndugu hao waliona kwamba fuwele ikikandamizwa, upande mmoja hupata chaji chanya na upande wa pili chaji hasi. Mkandamizo ukiondolewa, chaji nazo hutoweka. Waliyaona hayo katika kwatsi, katika jiwe la turmalini, na hata katika fuwele za sukari ya miwa. Mwaka uliofuata wakathibitisha na kinyume chake, yaani fuwele ikitiwa umeme hujinyoosha au kujikunja kwa kadiri ndogo mno. Umeme huo uliitwa piezoelektrisiti, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kukandamiza. Sisi katika makala haya tutauita umeme wa mkandamizo.

Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini ugunduzi huo ulibaki kama kitu cha kuchezea maabarani. Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyoutoa nje, pale Mfaransa Paul Langevin alipotumia kwatsi mwaka 1917 kupeleka sauti isiyosikika na masikio chini ya bahari ili kuzitafuta nyambizi. Baadaye fuwele za namna hii ziliingia katika mkono wa sanduku la santuri, ambamo sindano ilipotikiswa na mifuo ya sahani fuwele ilitoa umeme, na umeme ukawa muziki. Leo saa nyingi za mkononi huhesabu nukta zake kwa kwatsi, na kile kiwashio cha jiko la gesi kitoacho cheche kikibonyezwa hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zenye chaji, chanya na hasi. Katika vitu vingi chembe hizo zimepangwa kwa ulinganifu, kila moja ikiwa na mwenzake upande wa pili wa kitovu, na kwa hiyo ukikandamiza, zote husogea kwa kulingana wala pasionekane tofauti. Lakini katika kwatsi mpangilio hauna ulinganifu huo. Ukikandamiza, chanya zasogea kidogo upande mmoja na hasi upande mwingine, na tofauti yajitokeza juu ya uso wa jiwe. Basi ndiyo siri yote: penye mpangilio usio na ulinganifu wa kitovu, mkandamizo unaweza kuzaa umeme.

Msomaji atauliza, kwatsi yahusianaje na paja la mtu? Kwa kweli hata wataalamu hawakuuona uhusiano huo upesi. Katika mwaka wa 1941 Mwingereza A. J. P. Martin, aliyekuwa akifanya utafiti wa sufu mjini Leeds, kwenye viwanda vya nguo, alieleza kwamba sufu na nywele nazo zatoa umeme wa namna hiyo. Kisha huko Japani, Bwana Eiichi Fukada wa Taasisi ya Utafiti wa Fizikia ya Kobayasi, iliyoko Kokubunji karibu na Tokyo, alichapisha mwaka 1955 habari za umeme wa mkandamizo katika mbao. Naam, katika mbao! Nyuzi za mti, zilizopangika kuelekea upande mmoja, zilionyesha tabia ile ile ya fuwele, ingawa kwa unyonge.

Wakati huo huo, katika mji wa Kyoto, alikuwako daktari mpasuaji wa mifupa, Iwao Yasuda, aliyesumbuliwa na fumbo la siku nyingi. Tangu mwaka 1892 daktari wa Berlin aliyeitwa Julius Wolff alikuwa ameandika kitabu kizima kueleza kwamba mfupa hujibadili kwa kuifuata kazi uifanyayo. Ukiupasua mfupa wa paja karibu na nyonga utaona ndani yake vijiti vidogo vidogo vya mfupa vimejipanga katika njia zile zile upitiamo uzito wa mwili, kana kwamba fundi mwashi alizichora kabla. Lakini nani aliyemwambia mfupa kwamba uzito wapita hapa na si pale? Wolff aliandika kanuni. Mjumbe apelekaye habari hakumtaja.

Yasuda alidhani mjumbe huyo ni umeme. Katika mwaka wa 1953, kwenye jarida la chama cha madaktari wa Kyoto, alieleza kwamba mfupa ukipindwa, upande unaobanwa hupata chaji hasi na upande unaovutwa hupata chaji chanya. Akaenda mbele zaidi: alitia katika mifupa ya sungura mkondo mdogo sana wa umeme, wa kuhesabika kwa sehemu za milioni za ampea, akaona mfupa mpya umeota kuizunguka ncha hasi. Tazama jinsi mambo mawili yanavyokutana hapa. Upande unaobanwa ndio ule ambao mfupa hujiongeza. Na upande huo huo ndio wenye chaji hasi. Na palipo na chaji hasi, hata ikitoka katika betri, mfupa uliota.

Hapo daktari akamhitaji mtaalamu wa fizikia, na mtaalamu wa fizikia akamhitaji daktari. Yasuda na Fukada waliungana, na mwaka 1957, miaka 12 tu baada ya nchi yao kutoka katika maangamizi ya vita, wakatoa makala juu ya umeme wa mkandamizo katika mfupa. Hawakuwa na mali ya ajabu mikononi: walikuwa na mifupa ya mapaja ya binadamu na ya ng'ombe, iliyokaushwa kabisa, wakaikata vipande kwa pembe mbalimbali, wakaikandamiza na kupima. Mfupa huo ulikuwa umekufa, wala hapakuwa na chembe hai ndani yake, lakini umeme ulitoka. Wakajaribu pia kinyume chake kama walivyofanya ndugu Curie, wakakuta mfupa ukitiwa umeme hubadili umbo. Nguvu yake ilikuwa ndogo, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya ile ya kwatsi, lakini ilikuwapo bila shaka yoyote.

Tena waliona jambo moja lililofungua mlango. Umeme ulitoka pale nguvu ilipozifanya nyuzi zilizomo ndani ya mfupa ziteleze, huu juu ya huu, kama mikeka iliyorundikwa inavyoteleza ukiisukuma kwa mshazari. Ukikandamiza sawasawa na urefu wa nyuzi, hapatoki kitu cha maana. Basi umeme ulikuwa wa nyuzi, na nyuzi hizo ni za kolajeni.

Hapana budi tusimame kidogo kwenye kolajeni, maana ndiyo mhusika mkuu. Kati ya protini zote za mwili, kolajeni peke yake ni karibu theluthi. Ndiyo ifanyayo ukano uliounganisha msuli na mfupa uwe mgumu kukatika, ndiyo ngozi, ndiyo gegedu, na ndiyo ute ugandao kwenye mchuzi wa makongoro ukipoa. Molekuli yake ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na kamba hizo hulala sambamba kwa maelfu, zote zikielekeza kichwa upande mmoja. Mpangilio kama huo hauwezi kuwa na ulinganifu wa kitovu. Ndani ya mfupa, kati ya kamba hizo, mwili umejaza madini ya chokaa na fosfati. Msomaji apendaye kuhakikisha na auloweke mfupa wa kuku katika siki kwa siku kadhaa: siki itayayeyusha madini, na mfupa utapindika kama mpira. Kilichobaki mkononi mwake ni kolajeni. Na wataalamu walipoyaondoa madini kwa namna hiyo, umeme haukuondoka. Mwaka 1964 Fukada na Yasuda waliupima katika kano zenyewe, zisizo na madini kabisa, wakaukuta.

Habari hizi zilipofika Marekani zilipokewa kwa shangwe. Katika mwaka wa 1962 Andrew Bassett wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na Robert Becker, walitangaza katika jarida la Science vipimo vyao wenyewe vya umeme katika mfupa uliopindwa. Ikaonekana kwamba fumbo la Wolff limefumbuliwa. Mtu ainuapo gunia, mfupa wapindika kidogo. Ukipindika, kolajeni yatoa umeme. Umeme waziambia chembe hai zijenge hapa na zibomoe pale. Ilikuwa hoja nzuri sana, na yamkini uzuri wake ndio uliowafanya watu wengi wasiichunguze zaidi.

Kasoro ilikuwa katika neno moja: kukaushwa. Mfupa uliopimwa ulikuwa mkavu, na mfupa wa mtu aliye hai umelowa. Mwaka 1968 Anderson na Eriksson walipima kolajeni iliyoloweshwa, wakaona umeme wa mkandamizo umefifia hata kutoweka, kwa kuwa maji yaingiapo kati ya nyuzi huubadili mpangilio wake. Mwaka 1970 wakatoa habari za mfupa mkavu na mfupa uliolowa. Lakini hapo pakazuka ajabu nyingine: mfupa uliolowa nao ulitoa umeme ukipindwa! Kama haukutoka katika kolajeni, ulitoka wapi?

Jibu lilikuwa katika maji yenyewe. Mfupa una vijitundu na vijifereji visivyohesabika, vyote vimejaa maji yenye chumvi. Kuta za vijifereji hivyo zina chaji, nazo huvuta karibu yao chaji za namna ya pili zilizoyeyuka majini. Mfupa ukipindwa, maji yasukumwa kutoka upande unaobanwa kwenda upande unaovutwa, kama sifongo ikaminywapo, nayo hukokota zile chaji. Chaji zikitembea, umeme watokea. Wengi wa wataalamu wa leo huona kwamba umeme mwingi upimwao katika mfupa ulio hai ni huu wa maji yatembeayo, na ule wa kolajeni ni mdogo kando yake, ingawa wapo waendeleao kuuchunguza katika uzi mmoja mmoja kwa vyombo vya kisasa.

Hata huo umeme wa maji haukubaliwi tena kuwa ndiye mjumbe pekee. Ndani ya vijifereji hukaa chembe hai zenye mikono mirefu iliyoshikana, kama wavuvi waliotanda wavu, nazo huhisi msukumo wa maji yenyewe. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na wenzake huko Marekani waligundua milango midogo katika ngozi ya chembe ifungukayo inapovutwa au kusukumwa, na kwa ugunduzi huo na ule wa David Julius wa hisi za joto wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Milango hiyo iliitwa Piezo, kwa neno lile lile la Kiyunani, jambo liwezalo kumpoteza msomaji, kwa maana yenyewe haikandamizwi itoe umeme kama kwatsi, bali hufunguka na kuingiza chembe zenye chaji. Panya waliozaliwa bila mlango wa Piezo1 katika chembe za mifupa yao walikuwa na mifupa dhaifu. Hivyo yule mjumbe aliyetafutwa tangu siku za Wolff ameanza kujulikana sura, naye si yule aliyedhaniwa na Yasuda peke yake. Sisi hatuoni kuwa Yasuda ameaibika. Ndiye aliyewafanya watu waulize mfupa unaambiwa na nani.

Tumeieleza hadithi hii kwa urefu kwa sababu wapo wafanyao biashara kwa kutumia nusu yake. Mtu aliyevunjika mguu, ambaye hana mshahara mpaka asimame tena, huwa tayari kununua chochote aambiwacho kitaharakisha uponyaji, iwe bangili ya sumaku au mkanda wa umeme. Na kwa kweli mashine za umeme za kusaidia mfupa uliokataa kuunga zipo, nazo ziliruhusiwa na serikali ya Marekani tangu mwaka 1979. Lakini tazama ushahidi ulivyo. Majaribio 15 yaliyokusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2016 yalionyesha kwamba mashine hizo zilipunguza kwa kadiri ya theluthi idadi ya mifupa isiyounga katika picha ya eksirei, ila haikuonekana kwamba wagonjwa waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi. Mwaka huo huo jaribio jingine la wagonjwa 501 waliovunjika muundi, waliotibiwa kwa mawimbi ya sauti yatokanayo na fuwele za mkandamizo, halikuonyesha faida yoyote. Kama mashine za hospitali zenyewe ziko hivyo, bangili ya sokoni itafanya nini? Fedha hiyo afadhali inunue maziwa, dagaa na mboga.

Lakini wapo wengine ambao hatari yao ni kubwa kuliko ya muuza bangili, nao ni wale wasemao: ikiwa mzigo hujenga mfupa, basi mfanyakazi na abebe zaidi, ni kwa faida yake. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Wanaanga wakaao angani bila uzito hupoteza mfupa wa nyonga kati ya asilimia 1 na 1.5 kwa mwezi. Wachezaji wa tenisi wa kiume waliopimwa mwaka 1977 walikuwa na mfupa wa mkono wa kuchezea wenye ukuta mnene kwa kadiri ya theluthi kuliko ule wa mkono wa pili. Hata hivyo wale wataalamu walioupima mzigo kwa idadi walikuta jambo jingine. Mwaka 1984 Clinton Rubin na Lance Lanyon waliutenga mfupa wa bawa la jogoo usipate kazi yoyote ila ile waliyoipima wao kwa chombo. Mara 4 kwa siku zilitosha kuuzuia mfupa usipungue. Mara 36 kwa siku, kazi ya dakika moja na kidogo, zikaujenga. Walipopandisha hadi mara 360, na hadi mara 1,800, mfupa haukuongezeka zaidi ya pale. Ulikwisha kusikia.

Kinachozidi baada ya hapo hakijengi, na chaweza kubomoa. Kila mzigo huacha mfupani nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwili huzitengeneza kwa kwanza kulila eneo lililoharibika, kazi ya wiki chache, kisha kulijenga upya, kazi ya miezi mitatu au zaidi. Katika muda huo wa kati mahali pale ni dhaifu kuliko palivyokuwa. Akipumzishwa, mtu hupona na kuwa imara. Asipopumzishwa, nyufa huungana na mfupa huvunjika bila kuanguka wala kugongwa. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliyaeleza maumivu na uvimbe wa miguu ya askari waliotembezwa mno mwaka 1855, kabla ya eksirei kugunduliwa, na baadaye ikajulikana kuwa ile ilikuwa mifupa iliyovunjika kwa kwenda tu.

Basi mwajiri atakayemwambia mchukuzi kwamba sayansi imehalalisha gunia la kilo 100 kutwa nzima, na aulizwe ni sayansi ipi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba namba 127, uwatakao waajiri wasimbebeshe mfanyakazi yeyote mzigo ambao kwa sababu ya uzito wake wahatarisha afya yake. Mkataba wenyewe haukutaja kilo. Pendekezo namba 128 lililofuatana nao ndilo lililotaja: kwa mwanamume mtu mzima abebaye kwa mikono, lisizidi kilo 55, na pale lizidipo hatua zichukuliwe upesi iwezekanavyo kulipunguza.